Mkono Usiotoka kwa Sabuni

Dafroza, mfuaji wa timu, alikuwa akiisugua jezi ya nne, ile yenye herufi C kifuani, mkono ulipoanza kutokea tena. Ulitokea kiunoni, kama kawaida: kwanza kiganja, halafu vidole, kile cha kati kikiwa kifupi kuliko wenzake. Aliongeza sabuni ya mche, akasugua, akasuuza. Maji yalikuwa baridi, lakini pale penye mkono kitambaa kilikuwa na joto la mtu.

Hakuwa mtu wa kuharakisha neno. Mwezi wa kwanza alishuku sabuni, akabadilisha. Wa pili alishuku kijito, kwa kuwa tangu wakimbizi wafike watu walikuwa wengi kule juu. Akaanza kuchota kisimani. Alijaribu majivu, akajaribu ndimu. Mwezi wa tatu alimtazama kocha Fideli akipuliza filimbi, akakiona kidole chake cha kati, kilichokatwa na mashine ya kukoboa mahindi. Akaacha kushuku maji.

Jezi tano kati ya saba zilikuwa na mkono. Wasichana wa netiboli wa Kibimba walizivaa hivyo hivyo.

"Mama Dafroza," Koleta, mlinda goli, alimwambia siku moja, "sabuni yako imeokoka. Haitaki kugusa dhambi za watu."

Wenzake walicheka. Consolatha, mwenye jezi ya C, hakucheka.

Consolatha alikuwa na miaka kumi na tisa, na aliishi kambini na wadogo zake wawili. Mkimbizi hakutoka kambini bila kibali. Chake kilikuwa cha netiboli, na kila wiki Fideli alikitia sahihi ndani ya stoo ya mipira, mlango ukiwa umerudishwa. Kwa kibali hicho, baada ya mazoezi, alipalilia maharage ya watu na kurudi na ndizi za wadogo zake.

Jumatatu moja Dafroza aliikunja jezi ya C ikiwa bado mbichi, akaipeleka ofisi ya michezo. Karani, Bwana Sabiti, aliitandaza mezani, akaupima mkono kwa rula. Sentimita kumi na tisa.

"Wa Fideli huu," alisema, kama mtu anayetambua mwandiko. "Lakini nguo si barua, mama. Andika barua, ipitie kwa kocha wenu."

"Barua ya kumlalamikia kocha ipitie kwa kocha?"

"Ndio utaratibu. Asije akasema amerukwa."

Hata hivyo hakupenda mama wa watu arudi mikono mitupu. Aligonga muhuri wa IMEPOKELEWA juu ya kitambaa, kando ya kidole gumba.

Dafroza hakumwambia mtu. Jumanne asubuhi Fideli alikuwa amesimama uani kwake.

"Shikamoo, mama. Nasikia madoa yanakusumbua."

"Marahaba. Umesikia kwa nani?"

"Aa, mama. Ngara yenyewe ndogo hii."

Alipoondoka, Dafroza alihesabu waliojua: yeye, Sabiti, na dereva wa lori aliyempa lifti, akaiona jezi. Lori lile hakulipanda tena. Sabiti aliendelea kumwamkia, ila kwa mbali.

Wiki haikuisha, ofisi ikaleta jezi nyeusi za mechi, "zisizoonyesha uchafu." Baada ya mechi ya kwanza mikono ilitokea myeupe, kama ya mtu aliyetoka kukanda unga wa muhogo. Ofisi haikuleta rangi nyingine. Zile za zamani zikabaki za mazoezi.

Sasa Consolatha alichuchumaa kando ya beseni, akapokea jezi yake, akaikamua.

"Kibali changu kimeisha leo, mama."

"Amesemaje?"

"Nikifuate kesho, stoo. Peke yangu."

"Tutakwenda wawili."

"Na akikataa kusaini?"

Dafroza aliichukua jezi, akaianika kambani, mkono ukitazama barabara. Muhuri wa ofisi ulikuwa umetoka kwa maji ya kwanza.

Mwanamke mmoja alipita na jembe begani, akautazama ule mkono.

"Kocha hajambo?"

"Hajambo," alijibu Dafroza.

Jua lilikuwa linazama. Zilizobaki tatu aliziloweka mpaka kesho. Taratibu, maji ya beseni yakaanza kupata joto.