Kusawazisha Sakafu

Mama mkwe wangu haoni, lakini mdomo anao. Sijapika chakula kikakosa kasoro, na kila mgeni akija lazima aambiwe, nami nasikia, kwamba mwanawe alioa gogo lisilozaa. Maji yalinifika shingoni. Nikilalamika, mume wangu ana jibu moja tu: siku mama akishindwa kujipeleka chooni, atahamia kwa wifi yangu mkubwa. Huko mama mwenyewe husema heri kaburini. Lakini maadamu anajiweza, hapa haondoki.

Na alijiweza, bibi yule. Sakafu yetu ya zege ilikuwa mbovu, na ubovu huo yeye aliujua kwa nyayo. Akitoka chumbani alifuata ufa mrefu wa sebuleni mpaka kwenye nundu, hapo akakata kushoto, akavuka kishimo, huyoo chooni. Hana fimbo, hagusi ukuta. Tena aliringa kwamba hajazaliwa wa kumshika mkono.

Basi nikasema nataka vigae. Mume wangu akafurahi, kumbe mkewe naye anapenda maendeleo.

Fundi alikuja na nyundo, patasi na pima maji. Akanieleza kwamba kigae hakikai juu ya nundu, na kwamba nyufa lazima zichimbuliwe, zifagiliwe vumbi, ndipo zijazwe saruji. Kisha akamwona mama mkwe akipita, akamwangalia miguu, akaelewa. Alinivuta kando akanishauri tuiache njia ile ya chooni kama ilivyo, vigae viishie pembeni yake. Fundi gani huyu? Nimemwita kusawazisha sakafu au kunihubiria? Nikamwambia asawazishe yote, na nikamsimamia mpaka nundu ikaisha.

Mama mkwe tulimpeleka kwa jirani, tukamwambia tunapaka rangi. Alirudi jioni moja saruji ikiwa imeshakauka, akashikwa mkono hadi kitandani, eti asiguse rangi mbichi.

Asubuhi akatoka peke yake. Viti vyote vilikuwa bado nje, hata kigae kimoja hakijabandikwa. Akaupapasa ufa kwa unyayo, huku hakuna, kule hakuna. Akapiga hatua, akageuka, akageuka tena. Akasimama katikati ya sebule mikono ameinyoosha mbele, na mimi niko mlangoni na kikombe changu cha chai.

"Mwanangu," akaita. Hajawahi kuniita hivyo. "Najua upo. Nishike mkono, nimebanwa."

Sikusogea. Mtaniuliza kama roho iliniuma. Wapi! Nilikunywa chai yangu. Akaniita tena, sauti imeshuka, kisha akaacha kuita. Mkojo ukamshuka miguuni, ukasambaa taratibu pande zote, maana sakafu ilikuwa sawasawa kabisa. Alilia kimya kimya, kichwa ameinamisha.

Ndipo nikaenda kumwamsha mume wangu.

"Njoo umwone mama yako," nikamwambia. "Hajiwezi tena."