Punda Katika Wimbo wa Kuagana

Mama mkwe wangu, Tokiko, hakuwa mtu wa machozi. Msibani halii, harusini halii. Wimbo mmoja tu ndio uliomweza: ule wa kuagana, unaoimbwa siku ya mahafali ya shule ya msingi. Una mlima, una ukungu, na mwalimu anabaki getini. Mji wetu wa Tsuyama, hapa Japani, ukiusikia, vitambaa vinatoka mifukoni. Kwaya yetu ya akina mama hufunga nao tamasha kila mwaka, Tokiko akiongoza sauti ya kwanza, mimi nikipiga piano.

Mwaka ule tulipata wageni, kwaya kutoka Ujerumani. Mchana wa mazoezi waliketi nyuma ya ukumbi wakinywa chai ya shayiri, nasi tukaanza kuimba. Hatujamaliza ubeti wa kwanza nikasikia kicheko. Kugeuka, nawaona wageni wameshika mbavu, mmoja chai imempalia.

"Chizuru, hebu acha kupiga," Tokiko akaniambia, shingo imemsimama. "Waulize wanacheka nini. Nimekosea sauti?"

Aliyejibu ni Wiebke, mwanamke mrefu aliyekaa Kobe miaka mingi, na Kijapani chake ni cha huko huko.

"Utuwie radhi, mama. Mahadhi haya ni ya kwetu. Bibi yangu alikuwa akiyaimba akikamua ng'ombe."

"Ya kwenu tangu lini? Mama yangu mzazi aliuimba wimbo huu!"

"Mahadhi ni yale yale, ila kwetu hakuna mlima. Kuna punda."

"Kuna nini?"

"Punda wa msaga ngano. Kaingia kilabuni, kamaliza bia yote, bwana wake kambeba mgongoni kumrudisha nyumbani."

Mitsue wa sauti ya pili, mdomo wake hauna breki, akasema, "Ee Tokiko! Kumbe miaka yote unamlilia punda mlevi!"

Hata mimi nilicheka, nikajificha nyuma ya piano. Tokiko akashuka jukwaani, akamwendea Wiebke hadi wakatazamana uso kwa uso. Nikajua leo tumeumbuka.

"Uimbe," akamwambia.

Wiebke akaimba, wenzake wakadakia wakipiga miguu sakafuni. Nilimwona mama mkwe kidole kinagonga paja. Ghafla akapiga kelele, "Chizuru! Punda ni *roba*, mapigo mawili! Kwao je?"

"*Esel*," akasema Wiebke.

"Mawili! Mawili pia! Piga, mwanangu, piga!"

Akaanza kuyatunga maneno ya Kijapani papo hapo, mashavu yamemwiva kama binti. Akakwama kwenye bia.

"*Biiru* inazidi pigo moja. Haiingii."

"Mpe *sake*, pombe ya mchele, mapigo mawili," akasema Mitsue.

"Punda wa Ujerumani anywe *sake*?" Wiebke akauliza.

"Akija Tsuyama atakunywa kilichopo!"

Wageni nao wakataka maneno yetu ya kuagana. Tokiko akawafundisha mstari kwa mstari. Walipofika kwa yule mwalimu wa getini, Wiebke akashindwa kuendelea.

"Bibi yangu alisimama hivyo hivyo nilipoondoka," akasema. "Sikumkuta tena."

Tokiko akamshika mkono, hakuuachia hadi mazoezi yakaisha.

Siku ya tamasha Wajerumani waliimba mlima na ukungu kwa Kijapani, watu wakalia kama kawaida. Vitambaa havijarudi mifukoni, sisi tukaingia na punda. Kwanza watu walishangaa. Halafu kicheko kikaanzia viti vya mbele, kikasambaa, wazee wakapiga makofi hadi nikashindwa kuisikia piano yangu mwenyewe.

Mlangoni tulizuiwa na Mzee Inagaki, mwalimu mkuu mstaafu.

"Tokiko-san, mmeniharibia mahafali yangu."

"Hujaharibiwa, mwalimu. Umeongezewa."

Mzee akakohoa, akatazama huku na huku, kisha akainama karibu.

"Hivyo... ubeti wa pili, huyo punda anafanya nini?"

Tokiko akamvuta pembeni, akaanza kumfundisha.