Lenzi za Mzee Tabasamu

Alipofunga studio yake ya picha, Mzee Tabasamu aligawa taa na mapazia, hata kile kiti cha kuzunguka alichowakalishia watoto wa mtaa mzima akampa kinyozi. Lenzi hakumpa mtu. Alizivisha soksi, kila moja na yake, akazipanga kabatini kama mayai.

Binti yake, aliyerithi kazi, ndiye aliyezitoa. Alinunua pete ya chuma ya kuziunganisha na kamera yake mpya, na tangu hapo akawa anatembea na begi zito lililomvuta bega upande mmoja. Wenzake walimtania kwamba anabeba matofali.

"Ni matofali ya baba yangu," aliwajibu, akiwa ameinua kichwa.

Mama yake alikuwa mkunga. Alikuwa ameishi na mpiga picha miaka yote hiyo, na bado hakuwa na picha ya maana hata moja. Akiona kamera tu, anageuza uso au anakumbuka kitu jikoni. Alipokaribia kustaafu, wakunga wenzake walimwomba binti aje ampige picha ya kutundika wodini.

"Twende wote, baba."

"Nikafanye nini? Mikono hii inatetemeka, hata kikombe cha chai kinanishinda."

"Kamera nitashika mimi. Wewe utazungusha lenzi."

Walimkuta mama kando ya dirisha, anamfunika mtoto mchanga. Binti akabana viwiko mbavuni, akashusha pumzi. Mzee akapeleka vidole kwenye lenzi. Vilitetemeka vilevile, ila lenzi za zamani huzunguka kwa uzito. Ule mtetemo haukuisogeza. Iliutii mkono wake tu, taratibu, kama zamani. Kwenye kioo cha kamera, vijistari vyekundu vikaanza kutambaa juu ya picha.

"Hivi vyekundu ni vya nini tena?"

"Vinaonyesha mahali ambapo lenzi inaona vizuri, bila ukungu. Vipeleke machoni."

Vikapita begani, vikapanda shavuni, vikafika kwenye kope. Vikasimama hapo.

Mama akainua kichwa. "Nyie wawili mnanifanyia nini?"

Alitaka kugeuka, lakini mikono ilikuwa na mtoto. Kisha akamwona mumewe ameinama, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, kama alivyokuwa akifanya studio.

"Kumbe uko kazini, baba watoto?"

"Niko kazini. Usinichekeshe."

Akacheka yeye. Binti akabonyeza.

Picha ilisafishwa kubwa, ikatundikwa penye mlango wa wodi. Ngozi ya mama inang'aa laini kwa mwanga wa dirisha, na nyuma yake vitanda vimeyeyuka kuwa rangi tupu. Siku ya kumuaga kazini, mama hakukaa kwenye kiti chake cha mgeni rasmi. Alimshika kila aliyeingia mkono, akamsimamisha mbele ya picha.

"Huyu ni mimi. Nimepigwa na mume wangu na mwanangu."

Mzee Tabasamu, ndani ya koti lililopigwa pasi, alijifanya anakagua msumari wa fremu. Daktari mmoja akauliza ni kamera gani hiyo iliyotoa picha kama ile.

"Kamera ni ya binti," mzee akasema kabla hajaulizwa yeye. "Lenzi ni yangu. Picha ni yetu."

Walipofika nyumbani hakuvua koti. Akasimama mlangoni kwa binti.

"Kesho una kazi wapi?"

"Kwa fundi cherehani, asubuhi."

"Basi uniamshe. Na begi nitabeba mimi."