Baba Mara Nne ya Mtoto

Pikipiki ilikuwa imeshawaka, na Claver ameshapanda nyuma ya dereva, wakati Adolphine anamalizia kufunga begi la mumewe kwa kipande cha kitenge. Ndani aliweka ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga, na unga wa muhogo. Claver alikuwa anakwenda kwenye machimbo ya dhahabu, kama kila mwezi.

"Utarudia lini?"

"Mwisho wa mwezi, Mungu akipenda. Wende, batoto banakungoja."

Pikipiki ikashika barabara ya Fizi. Adolphine akavuka uwanja wa shule, akaingia darasa la sita, ambamo hata binti yake Fanny, wa miaka kumi na mmoja, alimwita Mwalimu.

Hesabu za maneno alizifundisha kwa kujaribu: shika namba, ipime, ikikataa shika ingine. Kwa njia ile watu wa hesabu walikuwa wanakuja wenyewe. Mama muuza samaki wa ukurasa wa nyuma wa kitabu alikwisha kusimama mlangoni na beseni lake, akawaambia, "Batoto, mi sikukuwa na samaki mingi vile, munanitafutia balozi ba kuniroga." Jibu lisiloingia halikufutwa hivi hivi. Lilisindikizwa mpaka barabarani kama mgeni, na kushukuriwa. Jibu lililoingia lilipewa benchi na makofi, likakaa mpaka ubao ufutwe. Mkuu wa shule, Directeur Déogratias, hakuipenda njia hiyo kwa sababu ya matope sakafuni.

Asubuhi hiyo Adolphine aliandika ubaoni: umri wa baba ni mara nne ya umri wa mtoto wake, baada ya miaka ishirini utakuwa mara mbili tu. Kila mmoja ana miaka mingapi?

"Mutoto tano, baba makumi mbili," akasema Willy.

Kijana mmoja akaingia na mtoto mgongoni. Darasa likawaongezea miaka ishirini. Kijana akaota kitambi, mtoto akashuka mgongoni akiwa mwanamke wa ishirini na tano.

"Mara mbili ya ishirini na tano ni hamsini," Willy akajikosoa. "Huyu baba iko bado mudogo."

"Baba mudogo, mutoto mukubwa, ni bandugu sasa," akasema Dorothée, na darasa likacheka. Wakawasindikiza.

Wakajaribu nane na thelathini na mbili. Ikakaribia, ikakataa.

"Kumi na makumi ine," akasema Fanny.

Claver akaingia. Alikuwa na vumbi la njiani mpaka kwenye nyusi, na amemshika mkono msichana wa miaka kumi mwenye paji la uso kama lake. Msichana ndiye aliyebeba begi. Kile kitenge kilikuwa kimefunguliwa, naye alikuwa anatafuna ndakala.

"Bonjour, papa," darasa likasema.

"Bonjour, batoto."

Fanny akamtazama baba yake, kisha akatazama ubao. "Mwalimu, tupime?"

"Pimeni," akasema Adolphine.

Wakaongeza miaka ishirini. Nywele za Claver zikawa nyeupe. Msichana akarefuka, akawa mwanamke wa thelathini, akamshika mzee kiwiko asijikwae. Claver alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, na Adolphine hakulijua. Sitini, thelathini. Mara mbili.

"Imeingia," akasema Willy.

"Tujaribu ingine," akasema Adolphine.

Alikuwa amewafundisha kwamba namba ikiingia kazi imekwisha, kwa hiyo wakatazamana. Akashika chaki mwenyewe, akaandika kumi na moja na arobaini na nne. Aliandika kumi na moja taratibu, kama mtu anayeandika jina. Aliyekuja ni mvuvi wa Lweba na mtoto wake wa kiume, wote wawili wamelowa.

"Mwalimu, kumi na moja haiingie," akasema Fanny. "Baba inapita."

Mvuvi akasindikizwa. Claver na msichana walibaki, wamerudia umri wao, wamekaa kwenye benchi. Darasa likawapigia makofi.

Directeur akaja kuuliza ni kelele gani. Akapanguza viatu mlangoni.

"Arlette," akamwambia msichana, "maman yako Cassilde iko aje? Ile malaria ilikwisha?"

"Ilikwisha, Directeur."

"Unabajua?" Adolphine akauliza.

"Ni batu ba Nundu. Nikienda kule tunasalaka pamoja kanisani." Akashusha sauti. "Ni mwaka wa examen, Adolphine. Ningekuambia, ungeacha darasa."

"Darasa la sita kila mwaka iko na examen."

"Njo maana."

Nundu iko upande wa Uvira, na barabara ya Fizi inakwenda upande mwingine. Arlette alizaliwa Fanny akiwa bado ananyonya. Adolphine akamtazama mumewe.

"Nitarudia mwisho wa mwezi," akasema Claver.

Adolphine akafuta ubao.

Claver alirudi mwisho wa mwezi na sabuni, akaeleza habari za machimbo. Alipakuliwa chakula, akala. Bado anakwenda na bado anarudi. Cassilde amezaa mtoto mwingine, wa kiume. Darasa lote lilifaulu. Déogratias alisifiwa kwa matokeo, akapata shule kubwa zaidi. Fanny yuko sekondari. Hesabu zake anazifanya kwa herufi, na hakuna mtu anayekuja. Adolphine angali anafundisha kwa kujaribu. Claver sasa ana miaka arobaini na mitatu na Arlette kumi na mitatu, hawaingii tena katika hesabu ile, na darasa likifika ukurasa huo wanaokuja ni baba na mtoto wa nyumba nyingine.