Kalibu Iliyooshwa kwa Wema

Nilitoka kununua maziwa tu. Niliporudi nilimkuta Torunn, ninayeishi naye chumba kimoja, amesimama kwenye sinki, mikono imejaa povu, uso umejaa wema.

"Nimekuoshea, Deolinda," alisema. "Ilikuwa nyeusi kama moyo wa yule mume wako wa zamani."

Kalibu yangu ya udongo, ya kuokea keki, ilikuwa inang'aa. Mwaka mzima nilikuwa nikiilisha siagi: naipaka, naitia kwenye oveni, naipangusa kwa kitambaa kikavu, naipaka tena, mpaka ikashiba na keki zikaacha kunata. Hapa Alsace, Ufaransa, kalibu ya kugelhopf, ile keki ya hamira yenye mikunjo kama kilemba na tundu katikati, haiguswi na sabuni. Mtoto wa mji wetu wa Colmar anajua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Lakini Torunn ametoka Norway, na nadhani kwao hata mawe huoshwa.

"Shoga yangu," nilisema polepole, "umeniua. Ila nimekufa msafi."

Jumatatu ilikuwa siku ya jaribio langu kwa Mama Hirtz wa Ribeauvillé. Kila mwaka huchukua mwanafunzi mmoja tu kutoka shule yetu ya keki akafanye kazi dukani kwake, na sharti lake halijawahi kubadilika: uoke mbele yake, kwa kalibu yako mwenyewe. Keki ikitoka nzima, umeingia. Ikiacha kipande ndani, kwaheri. Mimi nina miaka zaidi ya arobaini. Kule Ureno kiwanda cha sadini kilinifungia mlango, na mume akaondoka na gari, akarudi kesho yake kuchukua jeki. Nafasi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kumtaka yeye.

Mchana ule ule tulijaribu kuoka. Nusu ya keki ilitoka, nusu ikabaki ndani imeng'ang'ania kama mpangaji. Torunn akaanza kulia.

"Usilie juu ya unga," nikamwambia. "Chumvi nimeshatia."

Jumapili ni siku yetu ya kutembea: mji mmoja, keki mbili, kisu kimoja, na kusema vibaya kazi za wenzetu. Zamu hiyo tulipanda treni hadi Turckheim, kwenye soko la vitu vikuukuu, kutafuta kalibu iliyokwisha kushiba. Zilikuwepo tele, zimepangwa mezani, zinametameta.

"Hamna iliyo chafu?" nilimuuliza muuzaji mmoja.

"Chafu? Dada, nimezisugua wiki nzima!"

"Ndiyo balaa lenyewe, kaka."

Torunn alizunguka akizitia pua moja moja, akinusa siagi, na watu wakampisha kama wanavyompisha mgonjwa. Mwisho wa soko tukamkuta bibi mmoja, Mama Germaine, anauza vikombe na kunywa kahawa. Pembeni yake palikuwa na kugelhopf, mikunjo yote mizima, mgongo umekaa sawa.

"Hiyo umeiokea kwenye nini, Mama?"

"Kalibu ya marehemu mama yangu. Iko nyumbani, na haiuzwi, kwa hiyo acha kunitolea macho ya paka."

Nikamsimulia mkasa wote, na jeki nayo nikaitia. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha akamgeukia Torunn.

"Huyu ndiye muoshaji?"

"Ndiye."

"Kwa sabuni?"

"Ya limau," Torunn akajibu kwa sauti ndogo.

"Mungu amrehemu. Na unaenda kuoka kwa nani, mwanangu?"

"Kwa Mama Hirtz wa Ribeauvillé."

Akaweka kikombe mezani. Halafu akatabasamu upande mmoja. "Basi nakuazima; twende nyumbani ukaichukue. Irudi Jumapili ijayo, ndani yake keki. Na huyu asiisogelee."

Jumatatu niliipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Nikakanda, nikasubiri unga uumuke, nikapanga lozi, nikaoka. Mama Hirtz alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Nikaipindua kalibu. Keki ikaserereka yenyewe, nzima, ubavuni ina mstari mwembamba ulioachwa na ufa wa zamani.

Mama Hirtz akaugusa mstari ule kwa kidole.

"Kalibu hii si yako."

"Si yangu, Mama. Nimeazimwa na Mama Germaine wa Turckheim."

Akakaa chini. "Germaine ni wifi yangu! Mama mkwe alipofariki niliiomba kalibu hii. Akaniambia nitaishika siku nikimzika yeye. Hatujasemezana tangu hapo." Akakunja mikono. "Na sharti langu ni kalibu yako mwenyewe."

"Sharti ni sharti, Mama," nikasema, nikaanza kuifunga keki kwenye kitambaa. "Nitampelekea mwenyewe, ale kwa niaba yetu."

"Weka keki chini!"

Akakata kipande. Akala akitazama ukutani. Akakata kingine, na hiki akala akinitazama mimi.

"Mtu aliyeweza kuipata kalibu hii kwa Germaine," akasema, "anaweza kuwauzia wateja wangu hata keki ya juzi. Njoo kesho alfajiri. Aproni nitakupa ya duka, vya kuazima basi."

Jumapili tulikwenda Turckheim watatu, pamoja na Torunn, Mama Hirtz amebeba kalibu, keki ikiwa ndani. Mama Germaine akafungua mlango. Wakatazamana.

"Umezeeka," akasema mmoja.

"Wewe ulianza," akajibu mwenzake.

Tukala. Wakagombana juu ya zabibu kavu, juu ya marehemu, juu ya nani alimpa nani kisogo kanisani. Torunn, kwa heshima, akainuka kukusanya vyombo.

"Wewe! Kaa mbali na sinki!" wakapiga kelele wote wawili kwa pamoja, kisha wakaangaliana, wakaanza kucheka.