Kijani Nyuma ya Jiko la Kambi

Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kuchungulia mitambo ya umeme ambayo bado haijazaliwa. Kila Jumanne picha za setilaiti ziliingia kwenye kompyuta yake, akaziweka mbili mbili, ya wiki hii na ya wiki iliyopita, kisha akaandika neno moja kwa kila mradi: unaendelea, umechelewa, au umesimama. Wenye mitaji walilisoma neno hilo wakiwa mbali, na wakandarasi walikosa usingizi kwa ajili yake.

Kwenye mradi wa kumi na saba ndiko alikokuwa mumewe, mwendesha kreni. Kila jioni Baba Pacha alipiga simu kwa sauti ya kuchoka, akaeleza vyuma alivyonyanyua na jinsi msimamizi alivyomnyima likizo mara ya tatu. Mkewe, ambaye hakuwahi kumwambia kwamba mradi huo umo kwenye picha zake, alimpa pole. Lakini wiki ya tano sasa alijua ni uongo mtupu. Mume mwenyewe ndiye aliyemfundisha zamani, wamekaa tu kibarazani, kwamba kreni ikiachwa bila mtu hufunguliwa breki ya shingo izunguke na upepo. Ukiifunga, siku ya dhoruba itakuja chini. Na kwenye picha kreni zote tatu zilinyoosha mkono upande mmoja, wiki hii kusini, wiki nyingine magharibi, kama ng'ombe wanaoipa mvua mgongo.

Hata hivyo aliandika "umechelewa". Neno lile jingine lingefunga kambi, na kazi ya mumewe ingekwenda na maji.

Kilichomtoa roho ni kile kijani. Nyuma ya jiko la kambi palichomoza kiraka, mwanzo kidogo kama stempu, kisha kikapata mistari. Matuta. Jirani yake wa meza, ambaye ofisi nzima ilimwita Darubini, alikivuta karibu akacheka.

"Shoga, hawa umeme hawafui, wanalima. Na anayemwagilia nyuma ya jiko, chakula chake hakipoi."

Mama Pacha alicheka naye, meno tu. Mpishi wa kambi alimjua kwa sifa. Mwezi wa kwanza Baba Pacha alimtaja kila simu, mkono wake, mchuzi wake, kisha ghafla akaacha. Huko kuacha ndiko kulikomchoma. Tangu hapo hakutazama tena misingi wala nguzo. Alihesabu matuta. Manne, sita, tisa. Na mumewe huyu nyumbani kwake hakuwahi kumwagilia hata ua la kwenye kopo!

Jioni ile alimuuliza kwenye simu kama kuna jipya. Akajibiwa ni kazi tu, mama watoto, kazi inatuua.

Jumanne iliyofuata akaandika "umesimama". Lilikuwa neno la kweli, na hilo ndilo lililomuudhi: ukweli ulikaa mezani pake wiki tano, hakuugusa mpaka wivu ulipomshika mkono.

Siku kumi na mbili baadaye kambi ikafungwa, watu wakarudishwa makwao. Jumanne Baba Pacha akaingia na begi lake, jua limemchoma, mpole. Alikiri bila kubanwa sana. Kazi ilisimama kitambo, vifaa havikuja, naye aliona haya kumwambia mkewe kwamba anashinda amekaa. Na mpishi? Huyo, alisema, aliondoka zamani. Bustani walilima wanaume wote, kupoteza muda.

Moyo wa Mama Pacha ukatulia, kisha ukamsuta. Akaona na yeye aungame. Akafungua kompyuta ya kazi aliyorudi nayo amwonyeshe neno aliloandika, na picha iliyoingia asubuhi ileile: malori yameondoka, mabweni hayana mtu, kreni zimegeukia kaskazini.

Baba Pacha hakuzitazama kreni. Macho yake yalikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, kwenye matuta tisa, mabichi kama yamenyeshewa jana, na ardhi yote ya kando imekauka. Akainama karibu na kioo.

"Bado yupo," alisema polepole, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo mkewe hakuwa ameiona tangu mapacha wazaliwe.

Mama Pacha hakuuliza ni nani.