Unyasi Mmoja

"Legeza, mkwe! Hiyo ni sufu, si spoki!"

Nililegeza. Mimi ni fundi baiskeli, maisha yangu yote nimekula kwa kukaza: kaza nati, kaza breki, kaza mnyororo. Na siku hiyo nimekalia kigoda cha marehemu baba mkwe, brashi mbili za meno ya waya mikononi, mama mkwe kanisimamia kichwani kama mwalimu wa darasa la kwanza. Sufu ukiichana vizuri, nyasi na takataka hutoka, nyuzi zote hulala upande mmoja, kisha unaiviringisha taratibu mpaka inakuwa kama soseji nyepesi iliyojaa hewa. Soseji zangu zilikuwa ngumu, ungempiga nazo mwizi angezimia.

"Samaki mkunje angali mbichi," alimwambia mke wangu jikoni, kwa sauti ya kunisikilizisha. "Huyu wako kashakauka."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilijitakia mwenyewe. Mzee alipofariki, gurudumu la kusokotea uzi lilinyamaza. Wiki zikawa miezi, mama akawa mtu wa kukaa dirishani, mikono mapajani, chakula anakidonoadonoa tu. Mikono ile ndiyo iliyosokota uzi wa kila sweta aliyovaa mke wangu utotoni. Kuiona imelala vile kuliniogopesha. Niliona tunampoteza na yeye. Basi nikajifanya daktari. Nilikuja na spana na oili, nikalifungua gurudumu, nikalisafisha, nikalifunga mkanda mpya. Likazunguka kimya kabisa.

Mama aliliangalia. "Ahsante, baba. Ila halikuwa bovu. Mchanaji ndiye hayupo."

Kumbe kwa miaka thelathini na minne mzee alichana, yeye akasokota. Sufu iliyochanwa na mtu mwingine hakuwahi kuigusa. Nikaropoka, "Basi nitachana mimi," na mdomo ukishasema, mikono haina budi.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana nilichana. Mwezi mzima soseji zangu zilirudi guniani. Halafu Jumapili moja nilifika hoi kwa uchovu, vidole havina hata nguvu ya kukaza, na mama akainua soseji yangu, akaipuliza, ikatikisika. "Haya," akasema, akaketi kwenye gurudumu. Uzi ulitoka mwembamba, sawasawa, hauna fundo. Nilitaka kupiga vigelegele.

Alisokota tatu tu, akainuka. "Safi," alisema. "Safi mno." Akarudi dirishani kwake.

Wallahi niliumia. Nilimuuliza mke wangu nimekosea wapi, naye akaniambia nisijitese.

Jumapili iliyofuata sikujitesa. Nilichana huku nikimsimulia mke wangu habari ya mteja aliyeleta baiskeli niizibe pancha, nikamaliza, mara akatokea mwenye baiskeli halisi, kumbe yule ni mwizi. Mama alikuwa akisokota kwa kunionea huruma. Ghafla gurudumu likasimama. Akachomoa kitu kwenye uzi, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kipande cha unyasi mkavu.

"Macho yako yako wapi, mzee wangu? Mdomo wako unachana kuliko mikono!"

Mzee wangu ndivyo alivyokuwa akimwita marehemu. Mama akajiziba mdomo. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu yakawa yote mawili.

"Kila siku ya Mungu," alisema, akijifuta kwa kanga. "Kila siku aliniachia nyasi kwa hadithi zake, na kila siku nilimgombeza." Akauweka ule unyasi mfukoni. "Endelea basi. Mwizi alikimbilia wapi?"

Siku ile alisokota mpaka gunia likaisha, akaomba chakula mwenyewe.

Ni miaka tisa sasa. Siku hizi mikono yangu inajua kulegeza, na sufu yangu ni safi kuliko ya mzee, Mungu amrehemu. Lakini kabla sijampa mama soseji ya mwisho, nachungulia kama haniangalii, naokota unyasi mmoja sakafuni, nauchomeka katikati. Halafu natulia kwenye kigoda changu, nasubiri kugombezwa.